Nondo wa Mti wa Yoshua: Mmoja au Wawili?

Jike la nondo huyu hukomba chavua kwa vikono viwili vilivyo mdomoni, akaifinyanga donge, akalibana chini ya kichwa. Akifika kwenye ua jingine huchoma shingo ya ua kwa mrija wa kutagia, hushusha mayai hadi penye mbegu changa, ndipo hupanda juu na kushindilia chavua. Viwavi watakula baadhi ya mbegu. Zinazobaki ni za mti. Hakuna mdudu mwingine anayeufanyia hivyo mti wa Yoshua, yuka mrefu wa Jangwa la Mojave, Marekani.

Tangu 1892, mtaalamu wa wadudu Charles Riley alipomwita Pronuba synthetica (leo Tegeticula synthetica), nondo huyo alihesabiwa mmoja. Mwaka 2003 wanabiolojia Olle Pellmyr na Kari Segraves wakamgawa: wa magharibi akabaki na jina la zamani, wa mashariki, mwenye umbo dogo zaidi, akaitwa T. antithetica. Nadhani kulikuwa na utani kidogo katika jina hilo: ni kama kusema “kinyume” cha synthetica.

Waliogawa wana hoja nzito: umbo, vinasaba, na zaidi ya yote ule mrija. Miti ya mashariki ina maua yenye shingo fupi, na nondo wake ana mrija mfupi. Magharibi shingo ni ndefu, mrija nao mrefu. Chanda na pete.

Wenye shaka hukupeleka Bonde la Tikaboo, Nevada. Pale miti ya pande zote mbili imechanganyika, nondo wote wawili wanaruka, na chotara wapo. Spishi mbili gani hizo zisizojua mpaka?

Hoja hiyo, kwa maoni yangu, inauma mti kuliko nondo. Chotara wanaoonekana waziwazi Tikaboo ni miti. Na mti wa mashariki, uliokuwa aina tu ya Yucca brevifolia (jina la kisayansi la mti wa Yoshua), ulipandishwa kuwa spishi, Yucca jaegeriana, mwaka 2007, miaka minne nyuma ya mdudu wake. Kwa hiyo mgawanyo ulio imara zaidi ni wa kiumbe ambaye watalii hawamwoni kabisa.

Lakini sheria hutazama mti. Mwaka 2023 California ilipitisha sheria ya kulinda mti wa Yoshua wa magharibi peke yake, ingawa wa mashariki nao unaota katika jimbo hilohilo. Agosti 2020 moto ulipita Cima Dome, California, ukaunguza zaidi ya miti milioni moja. Ilikuwa ya mashariki, miti ya T. antithetica.