Setilaiti haiijui barabara

Makala moja niliyoisoma inasema kwamba dereva mwenye kifaa cha GPS (mfumo wa kujua mahali ulipo kwa msaada wa setilaiti) hana haja tena ya kuuliza njia. Kwa barabara kuu nakubali, lakini mwandishi wake amechanganya mambo mawili: kujua gari lilipo na kujua njia ya kupita. Setilaiti za GPS, zinazozunguka kilomita 20,200 hivi juu ya uso wa dunia, hutangaza tu saa na mahali zilipo. Kifaa kikipokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi hukokotoa chenyewe mahali gari lilipo, na tangu Marekani ilipoacha, Mei 2000, kuyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, kosa lake penye uwazi huwa la mita chache tu. Njia ya kupita, hata hivyo, hutoka kwenye ramani iliyochorwa na watu, na hapo ndipo tunapopotezwa. Masika iliyopita nilielekezwa njia ya mkato huko Mbezi, Dar es Salaam, ambayo kwenye skrini ilionekana barabara kamili, kumbe ni korongo lililojaa maji. Kijana wa bodaboda, baada ya kunicheka kwanza, ndiye aliyenigeuza. Tena, kuandika uendako huku gari linakwenda ni hatari, jambo ambalo makala haikuligusa hata kwa sentensi moja.