Kisukari aina ya kwanza: ni damu au ni mazingira?

Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Usiku anaamka kutafuta maji, anamaliza kikombe kizima, na baada ya saa moja amerudi kwenye mtungi. Anakula kuliko zamani, lakini nguo zinampwaya. Majibu yakitoka na daktari akataja kisukari, mara nyingi swali la mzazi halihusu dawa. Anauliza: tulikosea wapi? Na jamaa wanakuwa na jibu tayari, kwamba mlimzoesha vitu vitamu.

Jibu hilo tuliweke kando mapema. Kisukari hiki si kile kinachoandamana na unene na mwili kuwa sugu kwa insulini, homoni inayoishusha sukari ya damu. Hapa insulini yenyewe inakatika, kwa sababu chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupigana na vijidudu, zimezigeukia seli beta za kongosho zinazoitengeneza. Si peremende inayoanzisha vita hivyo. Ubishi wenye maana ni juu ya kitu kinachowafanya askari hawa wawapige wenyeji, na hapo wataalamu wamegawanyika: wapo wanaotupia macho zaidi damu, yaani urithi, na wapo wanaotupia macho mazingira.

Wa upande wa damu wana silaha nzito. Tangu miaka ya 1970 inajulikana kuwa jeni za kundi la HLA zinauhusu ugonjwa huu moja kwa moja. Jeni hizi hutengeneza kitu kama sinia juu ya seli, na juu ya sinia hilo vipande vya protini huandaliwa ili askari wa kinga wavikague. Sinia za aina fulani, hasa zile za DR3 na DR4, huviandaa vipande vya seli beta kwa namna inayowachokoza askari. Zipo nyingine zinazomlinda mwenye nazo. Kundi hili peke yake linabeba karibu nusu ya hatari yote ya kurithi. Jeni ya insulini nayo ina mchango wake, na huu ndio mfano ninaoupenda zaidi: kwa baadhi ya watu, insulini hutengenezwa kidogo mno ndani ya thaimasi, tezi ya kifuani ambako askari wa kinga hufundwa kutofautisha cha mwili na cha mgeni. Askari anahitimu bila kuifahamu insulini vizuri. Akikutana nayo baadaye kwenye kongosho, anaiona adui.

Hesabu za ukoo zinaendana na hayo. Katika nchi za Magharibi, mtu asiye na jamaa mgonjwa ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 300, ilhali mwenye kaka au dada mgonjwa anakaribia 6 kati ya 100. Cha ajabu, mtoto wa baba mgonjwa yuko hatarini kuliko mtoto wa mama mgonjwa, na hadi leo hakuna aliyelieleza jambo hilo likaeleweka.

Lakini hesabu hizo hizo zina upande wa pili. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wanaogunduliwa hawana ndugu yeyote wa karibu mwenye ugonjwa. Mapacha wa kufanana, wenye jeni zile zile, mmoja anaweza kuugua utotoni na mwenzake akakaa miongo mizima ndipo augue, au asiugue kabisa. Halafu kuna Ufini, nchi inayoongoza duniani kwa ugonjwa huu. Mwaka 1980 watoto wapya waliogundulika huko walikuwa takriban 31 kwa kila watoto 100,000. Mwaka 2005 walifika 64. Damu ya taifa haibadiliki ndani ya miaka 25. Ng'ambo ya mpaka, katika Karelia ya Urusi, wanaishi watu ambao jeni zao za HLA hazitofautiani sana na za Wafini, lakini ugonjwa ulipopimwa ulionekana mara sita pungufu. Mimi hapo hunishinda kuitetea damu peke yake.

Taabu inaanza pale watu wa mazingira wanapoombwa wamtaje mtuhumiwa. Maziwa ya ng'ombe yalishukiwa kwa miaka mingi. Ukafanywa utafiti mkubwa kwa watoto wachanga zaidi ya 2,000 katika nchi 15, wengine wakipewa maziwa ya kopo ambayo protini yake imekwisha kuvunjwavunjwa, na majibu ya 2018 yakaonyesha kuwa hayakuwakinga. Vitamini D ilipata umaarufu baada ya watoto waliozaliwa Ufini kaskazini mwaka 1966 kufuatiliwa: kati ya waliopewa matone yake kila siku, waliougua walikuwa wachache zaidi. Ila huo ni uchunguzi tu, na familia inayokumbuka matone kila siku huenda ina mengine inayoyafanya tofauti. Wapo pia wanaolaumu usafi uliopitiliza, kwamba kinga isiyo na minyoo wala vijidudu vya kupigana navyo hutafuta ugomvi nyumbani. Kwa panya wa maabara hoja hiyo ina mashiko. Kwa binadamu bado ni dhana. Chanjo zimechunguzwa mara nyingi na hazikukutwa na hatia.

Mtuhumiwa aliyebaki kizimbani kwa nguvu ni virusi, hasa vya jamii ya Coxsackie B. Tangu 2004 utafiti uitwao TEDDY umewafuatilia maelfu ya watoto wenye jeni za hatari Marekani, Ufini, Ujerumani na Uswidi. Kazi yenyewe haina urembo: mwezi baada ya mwezi wazazi walichota kinyesi kwenye nepi, wakakifunga, wakakituma maabara. Kilichotoka humo ni kwamba maambukizi mafupi hayakuwa na uzito. Waliokuwa hatarini zaidi ni watoto ambao kirusi kilekile kilikaa tumboni mwao muda mrefu.

Muda ndio jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Alama za kwanza katika damu, zile kingamwili zinazoonyesha kuwa seli beta zimeanza kuandamwa, mara nyingi hujitokeza kati ya miezi 9 na miaka 2. Ugonjwa wenyewe unaweza kuja miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mafua ya mwezi uliopita, msiba, au sherehe iliyojaa keki, hivyo ambavyo mzazi huvikumbuka usiku akijilaumu, vilikuta moto umekwisha kuwaka kitambo. Ukitazama kongosho la mgonjwa kwa hadubini unaona jinsi moto wenyewe unavyotambaa polepole: kijisiwa kimoja, yaani kikundi cha seli zikiwemo seli beta, kimezingirwa na chembe nyeupe, na cha jirani kiko salama kana kwamba habari hazijakifikia.

Zipo dawa za saratani ambazo kazi yake ni kuondoa breki za kinga ili ishambulie uvimbe. Wagonjwa wachache, karibu 1 kati ya 100, hupata kisukari cha namna hii ndani ya wiki au miezi, tena watu wazima wasio na historia yoyote. Maana yake ni kuwa askari wakorofi wanaweza kuwamo mwilini miaka yote, wamefungwa tu. Kwa maoni yangu swali la "damu au mazingira" limewekwa vibaya. Damu inapanga breki iwe ngumu au legevu, na vinavyoweza kuilegeza zaidi huenda ni vingi.

Ndiyo maana jitihada zimeanza kuhamia kwenye kupima kingamwili, bila kusubiri chanzo kijulikane. Watoto wenye aina mbili au zaidi za kingamwili hizo, 7 kati ya 10 wanaugua ndani ya miaka 10. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha teplizumab, dawa inayouchelewesha ugonjwa kwa takriban miaka 2. Mwaka 2023 Italia ikatunga sheria ya kupima watoto wa nchi nzima. Wanaopinga wanasema unampa mzazi hofu ya miaka kumi bila tiba ya kuuzuia moja kwa moja, na hofu hiyo si ndogo. Lakini upimaji unaoishia kwa ndugu za wagonjwa huwaacha wale 9 kati ya 10, na wengi wao hugundulika damu ikiwa imekwisha kujaa asidi, wanahema kwa shida. Aliyepimwa mapema, mama yake akimwona ameamka mara ya pili kutafuta maji, hatangoja kuche.