Yai la bwaloni ni la kuku gani?

Mwanafunzi anayepanga foleni kwenye bwalo la chuo huko Ulaya au Marekani haulizwi anataka yai la kuku gani. Ofisi ya manunuzi imeshamchagulia. Mara nyingi hata ganda halioni, kwa sababu jikoni huletwa mayai yaliyokwisha kuvunjwa, yamejazwa kwenye maboksi. Katika Umoja wa Ulaya ganda hugongwa namba, na 3 ni kuku wa kizimbani. Yai likivunjwa kiwandani, namba inatupwa na ganda. Anayebaki kumtetea kuku ni mwandishi wa mkataba wa kununua mayai.

Kizimba kitupu, yaani kisicho na kiota wala kichanja, kilichopigwa marufuku katika Umoja huo mwaka 2012, kilimpa kuku sentimita za mraba 550. Karatasi ya fotokopi ya A4 ina karibu 624. Nimefuga kuku wa mayai: akikaribia kutaga hahemi vizuri, anazunguka, anachungulia kila pembe yenye giza, akipata kiota anatulia. Juu ya waya hana pa kwenda, na hangaiko hilo humrudia karibu kila siku.

Wenye vizimba nao wana hoja. Yai hubingirika mbali na kinyesi, kuhara damu kunapungua, na kudonoana hakuvuki kizimba kimoja. Kwenye banda la maelfu kunaweza kusambaa, na kuku wanaoruka kutoka vichanjani huvunjika mfupa wa kidari. Halafu kuna bei. Mafua ya ndege yalipopunguza mayai Marekani, jimbo la Nevada lilisimamisha kwa muda sheria yake ya kukataza vizimba, Februari 2025. Hospitali yenye bajeti finyu inaielewa hofu hiyo.

Hoja ya bei naiheshimu. Lakini mfugaji anayekopa kubadili banda anahitaji mnunuzi wa uhakika, na taasisi inaweza kumpa mkataba wa miaka kadhaa. Ya kudonoana hainishawishi: mbegu ya kuku, mwanga, maranda makavu na nafasi huipunguza sana.

Kinachonikera ni mkataba unaoishia kwenye maneno "bila vizimba". California, ambako tangu 2022 sheria ya kukataza vizimba inagusa hata mayai ya maboksi, banda la ghorofa linaruhusiwa kumpa kuku sentimita za mraba 929, karatasi moja na nusu. Anatembea, anaoga vumbi, anataga kiotani. Hayo ni makubwa. Ila mnunuzi adai pia idadi ya vifo kila mwezi, hali ya manyoya na maranda, na ruhusa ya kuingia bandani bila kutoa taarifa.