Virusi inabadilisha jeni zetu ao inaziwasha tu?

Mwezi wa 7 mwaka 2019 Ebola ilifika huku Goma, na pale Birere ku foleni ya kunawa mikono mabishano ilikuwa ni moja: bamoja eti chanjo itatubadilisha jeni, bengine eti uongo mutupu, si virusi si chanjo, hakuna inagusa jeni ya mutu. Bale ba kwanza balikosea. Lakini bale ba pili nabo balifunga mambo mbio sana.

DNA, ile maandishi ya jeni zetu, iko ndani ya kiini cha seli. Ebola ni virusi ya RNA (jeni zake ziko mu RNA, ndugu ya DNA), inajizalisha inje ya kiini, mu DNA haiandike kitu (VIH, virusi ya SIDA, njo inajibandika mule kabisa, ile ni kesi ingine). Chanjo ya Ebola yenye kuitwa Ervebo nayo ni virusi ya RNA yenye kubeba jeni moja ya Ebola. Mpaka hapo ba pili bako na haki.

Sasa, jeni kuwa pale ni kitu moja, kuwaka ni ingine, sawa nyumba za kwetu: nyaya iko ku ukuta lakini kura (umeme) utaingojea. Seli ikisikia virusi inawasha jeni ya interferoni, protini ya kutoa alarme, nayo inaenda kuamsha majirani bawashe mamia ya jeni za kujikinga. Ebola inajua hiyo njia. Protini yake VP35 inaficha RNA ya virusi isionekane, VP24 inamufungia mulango wa kiini mjumbe anaitwa STAT1, basi habari ya interferoni inaishia inje.

Kwa hiyo ni virusi njo inaamuru? Hapo mimi nasitasita, ju angalia makrofaji, zile seli za ulinzi: Ebola ikiziingia zinawasha jeni za uchochezi (mwili kuvimba na kupata moto) na ile ya kuanzisha damu kuganda, damu inaganda fasi haitakiwe, vitu vya kuigandisha vinaisha, kisha mugonjwa anaanza kuvuja. Na ile jeni ni ya mutu mwenyewe, kazi yake ni kuziba kidonda!

Chanjo nayo inawasha jeni za kinga, na homa ya siku moja mbili inatokea mule. Mama wa ku foleni mimi ningemwambia vile: ndiyo mama, kuna jeni zitawaka, kisha zitazimika, na DNA yako itabakia vile ilikuwa.