Rupia ya Mjerumani: tuipeleke Marekani ikapewe daraja?

Juzi Kariakoo nilionyeshwa rupia ya 1910, yenye sura ya mfalme wa Wajerumani, Kaiser Wilhelm II, na kofia yake ya chuma yenye tai juu. Iling'aa kama sufuria ya bi harusi. Muuzaji akajisifu: mkewe kaisugua kwa limau na majivu. Moyo ukaniuma, maana kusugua kunaiharibia sarafu thamani.

Sisi wakusanyaji wa sarafu hapa Dar tuna ubishi usiokwisha. Wapo wanaosema sarafu yoyote ya maana itumwe Marekani, kwa PCGS au NGC, kampuni za kukagua sarafu. Huko inakaguliwa kama ni halali, inapewa daraja la hali yake kati ya 1 na 70, inafungiwa ndani ya plastiki ngumu yenye namba. Hoja yao nzito: mnunuzi aliye Berlin hakujui wewe wala mimi, ila namba ile anaijua.

Wengine wanapiga hesabu. Ada ni kwa dola, kuna usafirishaji, bima na usumbufu wa forodha. Rupia ya kawaida iliyotumika sokoni miaka kumi haiwezi kubeba gharama hizo. Na ile iliyosuguliwa limau itarudi bila namba ya daraja, imeandikwa tu kwamba ilisafishwa. Umelipa kuambiwa ulichokijua.

Mimi naegemea kwa hawa wa pili, isipokuwa kwa dhahabu ya Tabora. Mwaka 1916, Waingereza wakiwa wamefunga bahari, Wajerumani walipiga Tabora sarafu za rupia 15 zenye tembo na mlima nyuma yake. Zilitoka elfu kumi na sita na ushee tu. Bei yake inawavuta matapeli, kwa hiyo hiyo itume, hata kama itabidi ukope nauli.

Rupia ya madini ya fedha ipime mwenyewe. Nenda kwa sonara mwenye mizani ya dijitali: isome karibu gramu 11.66, pungufu kidogo kama imelika. Ining'inize kwa uzi ndani ya maji, uzito upungue takriban gramu 1.1. Sumaku isiivute. Nakiri vipimo hivi vina mwanya: tapeli akitumia fedha halisi ya kiwango kile kile, mizani itamsifu. Hapo linabaki jicho, kulinganisha herufi na ukingo na sarafu unayoiamini. Mwaka uliochorwa usikutishe pia. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, imeandikwa 1780 na imeendelea kupigwa hivyo hivyo mpaka karne ya 20.

Wanaoabudu plastiki nao wajue hata plastiki inaghushiwa. Namba itafutwe kwenye tovuti ya kampuni, na picha ilinganishwe.

Ugomvi huu wote unatufanya tusahau adui aliye ndani ya nyumba. Chumvi ya bahari na fukuto la Dar vinakula shaba. Vile vifuko laini vya plastiki ya PVC vinaacha utando wa kijani. Kamata sarafu kwa ukingo, weka vipakiti vya kunyonya unyevu ndani ya kopo linalofunga, na weusi wa fedha uuache. Weusi huo ndio unaomwambia mjuzi kwamba haijaguswa.

Ile ya Kariakoo nilimpa bei ya uzito wa fedha. Akanuna, akataja tena limau na majivu, mwishowe akapokea.