Mpimeni mguu kwanza, sindano baadaye

Mtu anaingia famasi akichechemea, ameshika nyonga. Anasema maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita takoni, yanashuka nyuma ya paja hadi unyayoni. Hajamaliza kueleza, ameshauziwa diclofenac, vitamini B na mkanda wa kiuno. Akifungua simu anakuta tangazo la unga wa mizizi unaotibu ngiri, pingili zilizosagika na nguvu za kiume, vyote kwa kopo moja. Matangazo hayo yananikera. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata hospitalini wagonjwa wengi wa siatika, yaani maumivu ya neva yanayotoka kiunoni kushuka mguuni, huandikiwa kipimo na dawa, wakarudi nyumbani bila mtu yeyote kuwagusa mguu.

Matibabu sahihi ya siatika yanaanzia kwenye kitanda cha uchunguzi, na kazi yenyewe ni ya robo saa. Mgonjwa avue suruali, alale chali. Mpimaji ashike kisigino, anyanyue mguu taratibu, goti likiwa limenyooka. Maumivu yakipiga chini ya goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, kuna mzizi wa neva, yaani pale neva inapotoka kwenye uti wa mgongo, unaovutwa. Paja kukaza kwa nyuma hakuhesabiki, hiyo ni misuli. Kisha unyanyuliwe mguu usiouma. Ukisababisha maumivu kwenye ule unaouma, diski iliyotokeza, yaani kile kito laini kati ya pingili, ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Inafuata nguvu. Atembee kwa visigino, kisha asimame kwa mguu mmoja na kuinua kisigino mara kumi, halafu abadilishe. Avute kidole gumba cha mguu kuelekea juu huku mpimaji akikisukuma chini. Gumba likilegea, tatizo mara nyingi liko kwenye mzizi wa L5, yaani wa tano wa kiuno. Kisigino kikishindwa kuinuka, ni S1, unaofuata chini yake. Ganzi nayo ina ramani yake: ya juu ya wayo kuelekea gumba ni L5, ya ukingo wa nje kuelekea kidole kidogo ni S1, ya upande wa ndani wa muundi ni L4. Nyundo ya raba ipigwe gotini na juu ya kisigino. Yote yaandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe. Aliyeinua kisigino mara kumi wiki iliyopita na leo akaweza mara mbili ni mgonjwa wa haraka, na bila kadi ile hakuna atakayejua.

Uchunguzi huo hauhitaji umeme wala mashine. Zahanati inauweza. Tunaporuka hatua hiyo, tunamtibu kila anayeshika kiuno kwa dawa ileile, wakati mmoja ana misuli iliyokaza, mwingine ana nyonga iliyochakaa, na mzee wa tatu ana mfereji wa uti uliosinyaa: miguu inamlemea akitembea, akikaa au akiinama anapata nafuu.

Nakubali kwamba MRI, picha ya sumaku inayoonyesha diski na neva, ni kipimo kizuri. Ila mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa, na asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 walikuwa na diski zilizochakaa, wenye miaka 80 asilimia 96. Kwa hiyo karatasi inayosema diski imechakaa haijataja ugonjwa. Picha ikionyesha diski imetokeza kushoto na mguu unaouma ni wa kulia, picha hiyo haijajibu chochote. MRI ina kazi pale nguvu zinapopungua, dalili za hatari zinapoonekana, au upasuaji unapofikiriwa baada ya wiki kama sita. Eksirei ya kawaida haionyeshi diski wala neva.

Sindano nayo. Inatuliza, sikatai. Lakini neva ya siatika inapita ndani ya tako hilohilo linalochomwa. Sindano ikiingia nje ya robo ya juu ya upande wa nje inaweza kuipiga neva, na mtu aliyekuja na maumivu akaondoka na wayo unaoburuza. Kwa wengi vidonge vinatosha: diclofenac miligramu 50 baada ya chakula, jumla isizidi miligramu 150 kwa siku, na kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, ugonjwa wa moyo au ujauzito asiitumie kabisa. Mwenye presha amuulize daktari kwanza. Pregabalin, dawa ya maumivu ya neva inayoandikwa kila mahali, ilijaribiwa Australia kwa wagonjwa wa siatika, matokeo yakatoka mwaka 2017: haikukishinda kidonge kisicho na dawa ndani, ikaleta kizunguzungu zaidi. Mkanda haumo katika yanayopendekezwa na mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kwa maumivu sugu ya kiuno.

Kulala kitandani wiki nzima hakuponyi. Tembea dakika tano hadi kumi kwenye tambarare, mara kadhaa kwa siku. Usiku lala ubavu, mto katikati ya magoti. Jaribu pia kulala kifudifudi dakika mbili, kisha ujiegemeze kwenye viwiko, kisha usukume kwa mikono huku kiuno kimebaki kwenye mkeka, mara kumi. Fuatilia maumivu yanakokwenda. Yakitoka mguuni na kupanda takoni, hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo, endelea, urudie kila baada ya saa chache. Yakishuka unyayoni au ganzi ikipanuka, acha. Yule mzee anayepata nafuu akiinama asifanye zoezi hili kabisa, litamzidishia. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, igawe mara mbili. Ufagio mfupi uuwekee mpini mrefu.

Wagonjwa wengi wa siatika hupata nafuu kubwa kati ya wiki 6 na 12 bila kupasuliwa, kwa sababu diski iliyotokeza mara nyingi husinyaa yenyewe. Hapo ndipo muuza unga anapopata mashahidi wake. Mtu aliyenunua kopo wiki ya tano, akapona wiki ya nane, anatoa ushuhuda kwa moyo safi, na jirani yake mwenye ugonjwa tofauti kabisa anapoteza miezi.

Jirani huyo anaweza kuwa na TB ya mgongo: homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyotulia hata akilala. Kila wiki anayokandwa, mifupa inazidi kuliwa, na dawa za TB zinatolewa bure kwenye vituo vya serikali. Anayekunywa maziwa mabichi apimwe pia brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Na asikubali mtu yeyote amkanyage mgongo.

Kuna hali isiyosubiri asubuhi: ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo kugoma au kutoka bila kuhisi, haja kubwa kuvuja, miguu yote miwili kulegea. Usiku huohuo hospitali ya rufaa, maana neva za kibofu zinabanwa na zinahitaji kufunguliwa kwa upasuaji haraka. Kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kibofu kurudi kawaida.

Upasuaji umepewa jina baya mitaani, kwamba ukipasuliwa mgongo unapooza, na hofu hiyo inawafungia ndani hata wanaouhitaji. Uholanzi mwaka 2007 walifuatilia wagonjwa 283 wenye siatika kali ya wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi kuliko walioanza bila kupasuliwa; baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa. Fundi ujenzi anayelisha watoto kwa nguvu za mwili ana haki ya kuchagua nafuu ya haraka. Afike MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, au hospitali yoyote yenye daktari wa mgongo, akiwa na ile kadi, aulize: ni mzizi upi umebanwa, na je, unalingana na mguu wangu unaouma? Upasuaji huu unatibu maumivu ya mguu zaidi ya ya kiuno, kwa hiyo anayeumwa kiuno pekee asikubali kupasuliwa diski kabla hajajibiwa swali hilo.