Namba 384: uzamili wa takwimu Uingereza na nyumbani

Fungua tasnifu za uzamili wa afya ya jamii kutoka vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, nenda sura ya tatu, kipengele cha ukubwa wa sampuli. Mara nyingi sana utakutana na 384. Aliyetumia fomula ya Yamane, inayoanzia idadi ya watu wote wa eneo, atakuwa na 390 na kitu, au 400 kamili. Sisi tulio Uingereza tumezoea kuicheka namba hiyo. Kicheko chetu nusu yake ni haki, nusu ni majivuno.

Nianze na haki. 384 inatokana na 1.96 kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili. Inatosha kukadiria asilimia moja tu, kwa kosa la pointi 5 juu au chini, endapo kila mtu amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu. Wanafunzi wetu hawachagui hivyo. Wanachagua vijiji, kisha kaya ndani ya kijiji, na watu wa kijiji kimoja wanafanana: kisima chao kimoja, zahanati yao moja. Ukichukua kaya 26 kila eneo, na kiwango cha kufanana (0 ni hakuna, 1 ni kufanana kabisa) kikiwa 0.05, kizidishio cha sampuli ni 1 + 25 × 0.05, yaani 2.25. Zidisha kwa 384 upate 864, kabla hujaongeza watakaokataa au wasiokutwa nyumbani. Tena fomula ile ni ya kukadiria, ilhali lengo mahususi la pili la tasnifu hiyohiyo huwa ni kulinganisha makundi mawili. Hapo lazima useme ni tofauti ya ukubwa gani unataka kuiona, na unataka uwezo kiasi gani wa kuiona, kwa kawaida 80% au 90%. Hesabu nyingine kabisa, na mara nyingi haimo.

Ugonjwa wa pili ni uwiano wa odi kusomwa kama uwiano wa hatari. Tuseme kundi la kwanza wanaojifungulia kituoni ni 60 kwa 100, la pili ni 75 kwa 100. Odi, yaani waliojifungulia kituoni gawanya kwa wasiojifungulia, ni 1.5 na 3, uwiano wake 2. Mwanafunzi anaandika "mara mbili zaidi", na mtahini anapitisha. Lakini uwiano wa hatari, 75 gawanya kwa 60, ni 1.25. Jambo likiwa la kawaida kiasi hicho, tumia regresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara, inayokupa uwiano wa hatari moja kwa moja, au ripoti tofauti ya asilimia kama ilivyo, pointi 15. Msomaji wa wizarani atakuelewa vizuri zaidi.

Je, walimu wa nyumbani hawayajui haya? Wanayajua. Kasoro ni wakati. Kwetu mtakwimu anaitwa data ikiwa imeshakusanywa, faili la Excel linatumwa WhatsApp wiki mbili kabla ya kutetea tasnifu, na ujumbe wake ni "nisaidie kupata p ndogo", yaani matokeo yaonekane si ya bahati tu. Ronald Fisher alilalamikia jambo hilihili mwaka 1938: mtakwimu anayeitwa jaribio likiwa limekwisha ataweza tu kuichunguza maiti. Huku Uingereza, kabla mwanafunzi hajagusa data, anadaiwa mpango wa uchanganuzi: tokeo kuu ni lipi, vigezo vipi vitarekebishwa na kwa nini, majibu yaliyokosekana yatafanywaje. Kuiga hili hakuhitaji seva wala leseni ya programu ghali. Chora majedwali yote ya sura ya nne yakiwa matupu, na vichwa vyake, kabla dodoso halijachapwa. Swali lisilo na seli ya kuingia kwenye jedwali lolote, lifute. Jedwali lisilo na swali la kulijaza, umeliona mapema.

Sasa majivuno yetu. Mwanafunzi wa Uingereza anapewa data iliyooshwa na kupigwa pasi. Anajua kukadiria thamani zilizokosekana kwa njia tatu, lakini hajawahi kuona namba ikizaliwa. Mpe faili la mahojiano ya Kiswahili ambamo "saa mbili asubuhi" imeandikwa 2:00 na mdodosaji mmoja na 8:00 na mwingine, atashangaa kwa nini dozi zimepishana saa sita. Mpe orodha ya umri yenye rundo la watu wa 30, 35, 40 na 45, na wachache mno wa 39 na 41, hatajua kuwa umri umekadiriwa mlangoni, na kwamba kuukata makundi yanayoanza na 0 au 5 kunawahamisha watu kundi. Mdodosaji wetu hilo analijua: haulizi tu miaka, anauliza ulizaliwa kabla au baada ya tukio gani. Anajua pia kwamba kaya ni wanaokula chungu kimoja, kwa hiyo nyumba moja ya kupanga Temeke inaweza kuwa na kaya saba. Na katika takwimu za vituo vya afya ndani ya DHIS2, mfumo wa kompyuta wa ripoti za vituo, kisanduku kitupu si sifuri: pengine ripoti haikutumwa kabisa.

Halafu kuna kujibu. Kwenye utafiti wa afya ya uzazi na malaria wa Tanzania wa 2022, wenye maeneo 629 na kaya 26 kila eneo, zaidi ya 95% ya kaya zilizofikiwa zilihojiwa. Mwaka uliofuata, utafiti wa nguvukazi wa Uingereza ulikuwa na waliojibu chini ya 20%, hadi Oktoba 2023 ofisi ya taifa ya takwimu ikasitisha kwa muda makadirio yake. Uzani wote wa kitakwimu wa London, yaani kuyapa baadhi ya majibu uzito kuliko mengine, hauzibi pengo hilo bila kukisia.

Ajabu ni kwamba mfano mzuri wa kufundishia majaribio ya jamii nzima unatoka kwetu: jaribio la Mwanza lililochapishwa 1995, la kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa. Jamii 12, jozi 6, watu wazima wapatao 1,000 kila jamii, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban 40%. Watu ni kama 12,000, lakini ulinganisho ni wa jozi 6.

Maoni yangu basi: ukijilipia mwenyewe, fanya uzamili nyumbani, ukipata ufadhili njoo. Anayekuja ajue mwaka ni mmoja, na miezi ya tasnifu ni mitatu hivi. Data yako mwenyewe kutoka Tanzania haitafika kwa wakati, kwa kuwa kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na cha utafiti cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) vinatakiwa hata kama chuo chako cha huku kimekupitisha. Omba data iliyokwisha kukusanywa, na uiombe muhula wa kwanza. Na tangu Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa haji na mwenza wala watoto, isipokuwa aliyefadhiliwa na serikali.

Anayebaki atumie R, programu ya takwimu, ni bure. Akifungua faili la wanawake la ule utafiti wa afya ya uzazi na malaria wa 2022, agawanye safu ya v005 kwa 1,000,000 kupata uzani, aweke v021 kuwa eneo na v023 kuwa tabaka, kabla ya jedwali la kwanza. Zanzibar ni kama 3% ya watu wote katika sensa ya 2022, lakini imechukuliwa sampuli kubwa kuliko sehemu yake ili iwe na makadirio yake. Bila uzani, wastani wa "Tanzania" utaegemea Zanzibar.